Herufi kwa Herufi

Lusia Mabula aliambiwa hayupo akiwa amekaa kitini, magoti yake yakigusa meza ya aliyemwambia.

"Mfumo umekataa, mama," alisema Magesa, mtendaji wa kijiji cha Mwalugoye, macho yake yakiwa kwenye kompyuta. "Hakuna Lusia Mabula hapa."

"Hakuna vipi, na mimi nimekaa?"

"Si mimi ninayesema. Ni mfumo."

Foleni iliyokuwa nyuma yake ikacheka. Walikuwa ndani ya ghala la pamba la ushirika, mahali palipokuwa pananuka dawa ya wadudu ya misimu iliyopita, mkojo wa panya na jasho la watu waliosimama tangu saa moja asubuhi. Hakuna aliyethubutu kutoka nje hata kwenda haja. Mradi wa dhahabu ulikuwa unachukua kijiji chote. Kaya ambayo jina lake lingeingia kwenye orodha ingepewa kiwanja na nyumba ya matofali ng'ambo ya barabara kuu. Kaya isiyoingia ingeitwa mvamizi, na mvamizi alikuwa na siku thelathini za kuondoka na sufuria zake. Usajili ulikuwa wa siku tatu, na hii ilikuwa Alhamisi, siku ya pili.

"Mama Asteria!" alipaza sauti Zipora, jirani yake, mwanamke mwenye mikono migumu ya kuponda mawe ya dhahabu mwaloni, uwanja wa wachimbaji wadogo. "Kumbe tunaishi na mzimu! Na ile chumvi uliyoniomba juzi aliila nani?"

Watu wakacheka tena. Lusia hakucheka. Aligeuza shingo akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya Magesa akishikilia waya wa umeme uliolegea. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mama anayengoja mwanawe amwambie mgeni kwamba amekosea nyumba. Kwa wiki nzima alikuwa ametembea mwaloni na kisimani akitangaza, "Hiyo mashine ya kuandikisha, mwanangu ndiye kaitengeneza."

Na ilikuwa kweli. Asteria, mwenye miaka ishirini na minne na shahada ya kompyuta ambayo bado ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, ndiye aliyeitengeneza.

Aliinama akasoma. Kwenye kitambulisho cha mama yake: LUSIA MABULA. Kwenye rejesta ya kijiji iliyoingizwa katika kanzidata: RUSIA MABURA. Mwaka wa kuzaliwa ni uleule. Kitongoji ni kilekile. Namba ya nyumba ni ileile.

Akajua mara moja kalamu iliyofanya hivyo. Kabla ya Magesa alikuwapo mtendaji mmoja, marehemu Donatus, Msukuma wa kwao kabisa. Alipokwenda mafunzoni alisema "balabala" mbele ya darasa zima, wenzake wakamcheka mpaka akarudi nyumbani na kidonda moyoni. Tangu siku hiyo Donatus aliapa kutochekwa tena. Kila aliposikia l akaandika r, awe salama. Salome akawa Sarome, Ndalahwa akawa Ndarahwa, Masalu akawa Masaru. Kijiji kizima kilijua na kilimsamehe, maana alikuwa mtu mwema na barua zilifika.

"Magesa, huyu ni mama yangu," alinong'ona Asteria. "Si unamjua?"

"Namjua, dada. Juzi nimekula kwake." Magesa alijifuta jasho. "Lakini wewe mwenyewe umeona rangi."

Kwenye kioo, maneno yalikuwa mekundu: *Mfumo umekataa. Hustahili.* Asteria aliyatazama. Aliyaandika kwa vidole vyake mwenyewe, Jumatatu, akinywa soda.

"Anayefuata!" aliita Magesa.

Lusia alinyanyuka, akakunja kitambulisho chake ndani ya leso, akapita katikati ya watu, akatoka.

Kazi ile si ngumu kama watu wanavyodhani. Kuna fremuweki, mifupa ya tovuti iliyokwisha kuundwa na mafundi wengine, nawe unavalisha nyama. Ukiieleza kanzidata yako ina safu zipi, jina, kitongoji, namba ya nyumba, inakuchorea fomu papo hapo, bure, kama mama anayempakulia mtoto bila kuuliza ameshiba au la. Kazi ya fundi ni kuirekebisha fomu hiyo: kisanduku kipi kionekane, kipi kifichwe, kipi kikubali nini, na maneno gani yatokee mtu akikosea.

Asteria aliirekebisha kwa mapenzi. Kwa sababu alizaliwa Mwalugoye, aliandika kanuni fupi ya mistari miwili iliyoifundisha fomu kuhesabu r na l kuwa kitu kimoja, na kumwonyesha karani majina yote yanayokaribiana ili achague. Chini kabisa akaweka kisanduku kirefu: *Maelezo ya mwombaji*. Alifikiria mtu kama Mzee Masalu, mwenye mengi ya kusema na asiyepewa nafasi.

Bosi wake, Eustace, mwenye ofisi ya vyumba viwili pale Nyasubi mjini Kahama, aliitazama fomu hiyo kwa dakika tano. "Jina lifanane herufi kwa herufi," alisema. "Wageni watajipachika. Na hicho kisanduku cha hadithi kifiche." Asteria akaona ni busara, wageni ni kweli wapo. Hakuifuta kanuni yake. Aliweka alama ya reli mwanzoni mwa kila mstari, na mstari wenye alama ya reli kompyuta huuruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Sasa, kompyuta yake ikiwa kwapani, alimkuta Eustace nyuma ya ghala, chini ya turubai la mama lishe, mbele ya sinia la mbuzi wa kuchoma.

"Bosi, kuna tatizo. Rejesta ina makosa ya r na l. Mpaka saa hii wamekataliwa watu sitini na kitu, na wote ni wenyeji. Nikiirudisha ile kanuni yangu..."

"Kaa ule."

"Nimeshiba, bosi."

"Hujashiba, umekasirika." Eustace alinyofoa nyama kwenye ubavu, akaitafuna mdomo wazi. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye saa. "Hebu lete hiyo kompyuta."

Aliishika kwa mikono ileile. Akateremsha orodha ya waliokataliwa kwa kidole cha shahada, na kila alipopita kidole kiliacha mchirizi wa mafuta juu ya majina ya watu. Asteria aliuangalia mchirizi ule ukimfunika Sarome, ukimfunika Ndarahwa, ukafika kwa mama yake na kusimama.

"Vizuri sana," alisema Eustace. "Inakwenda vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Asteria, mdogo wangu. Kijiji kina kaya mia nne na moja. Waliotupa kazi wamejenga nyumba mia tatu. Wewe ungefanyaje? Ungewapigia kura?" Alicheka, akajichokonoa jino kwa ukucha. "Hii rejesta niliiona kabla yako. Nikasema, marehemu ameshatufanyia kazi. Herufi moja tu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikiliza nikupe elimu ambayo chuo hawakukupa. Mtu akikataliwa na mtu, anarudi na panga. Akikataliwa na mfumo, anakwenda nyumbani kujiuliza amekosea wapi. Umewaona wale? Kuna hata mmoja aliyenitukana mimi? Wanaona haya wao!" Alilamba kidole gumba, kisha cha shahada. "Halafu wewe usihofu. Mama yako ni mama yangu. Ingia kule ndani kwenye ukurasa wa msimamizi, mwandike kwa mkono. Mtu mmoja hajazi gari. Na mwezi ujao kuna kazi Geita, kubwa, utaiongoza wewe."

Asteria alikusudia kusema maneno mengi. Alikuwa nayo yote, yamepangana. Kilichotoka kinywani mwake ni: "Nashukuru, bosi."

Alipotembea kurudi ghalani aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimfuata kama nzi. Alitema mate chini, akatema tena, ladha ikabaki palepale.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya vilima vya mawe, Loveness, mdogo wake wa kidato cha pili, alikuwa anapuliza moto wa ugali. Lusia alikuwa anachambua mlenda. Asteria hakujua aanzie wapi, na kabla hajaanza, Mzee Masalu alipiga hodi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwadila hapa ndani?"

"Mwadila," Lusia aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma, akamsogezea kigoda.

Mzee Masalu hakukaa. Alitoa kitambulisho kutoka kwenye mfuko wa nailoni wa chumvi, akakishika kwa mikono miwili. "Nimekuja kwako, Asteria. Leo ile mashine imenikataa. Magesa anasema ndani yake mna Masaru. Nikasema labda sikutamka vizuri, sisi wazee ulimi umeshaganda. Sasa kesho nataka nitamke inielewe. Nisikilize." Akakohoa, akanyoosha shingo. "Masaru. Masa-rru. Hapo imekaa?"

Loveness aliacha kupuliza moto.

"Babu," alisema Asteria, "mashine haisikii. Inasoma tu kilichoandikwa."

"Haisikii kabisa?"

"Haisikii."

Mzee alifikiri. "Basi nitasema kwa sauti kubwa," alisema kwa upole, kama anayemtetea mgonjwa. "Wabeja, mama, asante." Akaondoka, nao wakamsikia njiani akijaribu tena na tena, ulimi ukimteleza.

Asteria alimweleza mama yake kila kitu. Alieleza haraka, akitazama majivu: kanuni, alama ya reli, nyumba mia tatu, ukurasa wa msimamizi. Alipomaliza, Lusia aliuliza swali moja.

"Umeshaniandika?"

"Bado. Naweza kukuandika sasa hivi kwa simu."

"Na Masalu?"

"Bosi amesema mtu mmoja."

Lusia alichambua jani moja, akachambua la pili. Alikuwa mwanamke aliyelea wasichana wawili kwa nyundo ya mawe, na paa lake lilivuja pembe tatu. "Niandike," alisema. "Mimi sina kiburi cha kulala porini na watoto."

Asteria akamwandika. Ikamchukua nukta chache kuliko kuosha mikono.

"Kwa hiyo sisi tumepita dirishani," alisema Loveness.

"Pakua chakula," mama yake alimwambia.

Walikula. Lusia alimega tonge, akalichovya, akaliweka mdomoni na kulishikilia humo muda mrefu kama kitu alichookota. Kisha akatoka nje, akalitema ukutani.

Ijumaa Magesa alimwona Lusia kwenye foleni, akapunga mkono. "Mama Asteria, pita huku mbele. Karatasi yako iko tayari."

Foleni nzima ikageuka. Waliokataliwa jana walikuwa wamerudi wote, maana hawakuwa na pa kwenda, wakajipanga upya kana kwamba kulala usiku mmoja kungebadilisha kitu.

"Haa!" alisema Zipora, ambaye jana naye alikataliwa kwa jina la ukoo. "Jana mzimu, leo amefufuka kabla ya Jumapili. Hongera, mwenzangu. Dawa yake inauzwa wapi?"

Lusia alipita, kichwa chini. Mezani alikuwa amekaa Mzee Masalu, kofia mapajani, amevaa koti la harusini.

"Masarrru!" mzee aliiambia kompyuta kwa sauti kubwa, akiinamia kioo.

Vijana wawili waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Babu, ibembeleze! Iimbie!" Na mzee, akidhani anasaidiwa, akasogea karibu zaidi, midomo yake karibu iguse kioo, akaita tena jina ambalo si lake.

Magesa alibonyeza. Wekundu. "Mfumo umekataa, mzee wangu. Pole."

"Nitarudia. Sikuvuta pumzi."

Asteria alikuwa ananyoosha karatasi ya mama yake, namba mia mbili na sabini na nane, wino bado una joto. Lusia hakuipokea. Alikuwa anamtazama Masalu, aliyekuwa anajipangusa mate kwenye kidevu kwa pindo la koti lile la harusini.

"Mfumo haujakataa," alisema Lusia.

"Unasemaje, mama?" aliuliza Magesa.

"Nasema mfumo haujakataa!" Sauti yake ilipanda mpaka kwenye mabati. "Mfumo haujui kukataa. Mwanangu ndiye aliyeukataza. Huyu hapa. Aliamriwa na yule mla nyama, akaukataza, na mimi jana akaniingiza kwa kificho, nami nikakubali. Nimekula ugali wa jana kama nakula kinyesi. Muulizeni!"

Asteria alihisi uso umempasuka. Hakuna adui ambaye angeweza kumvua nguo kama vile, na macho ya mama yake hayakuwa na huruma hata chembe.

"Ni kweli, Asteria?" aliuliza Zipora. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Ni kweli."

"Wewe? Niliyekubeba mgongoni?"

"Ni mimi, mama Zipora."

Mzee Masalu aliangalia huku na huku. "Kwa hiyo sikukosea kutamka?" aliuliza.

Asteria alivuta kiti, akamsogeza Magesa kando, akafungua faili lenye kanuni za fomu. Mistari miwili ilikuwa palepale, na alama za reli mwanzoni. Akazifuta, moja, ya pili. Akakirudisha na kile kisanduku cha maelezo. Alipowasha upya, aliandika Masalu, na fomu ikaonyesha orodha fupi ya majina yanayokaribiana: Masaru Ndaki, kitongoji cha Kisimani, nyumba ya kumi na nne.

"Ni huyu, babu?"

"Ndiye mimi, mama. Kisimani."

Kijani. Mashine ndogo ya kuchapa ikatema karatasi. Mzee aliipokea, akainusa.

"Sasa mimi," alisema Lusia. "Nifute."

"Mama, hapana. Bosi anaweza kukata wakati wowote. Ukishaingia umeingia."

"Nifute, kisha nipange foleni kama wenzangu."

"Mama, fikiria Loveness."

"Namfikiria. Nifute, ng'wanone, mwanangu, nisije nikakulaani."

Fomu iliuliza: *Una uhakika unataka kufuta?* Asteria alikumbuka alivyohangaika kutafsiri swali lile likae vizuri. Akabonyeza ndiyo. Lusia akaichana karatasi yake, akatembea polepole mpaka mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya watu mia na ushee.

Walifanya kazi bila kuinua vichwa. Magesa alisoma vitambulisho, Asteria aliandika, Zipora alipokwisha kupata karatasi yake alibaki akisukuma watu wasijazane mezani. Orodha ikavuka mia tatu. Ilipofika mia tatu sitini na tatu, simu ya Asteria ikaita. Akaiangalia, akaendelea kuandika. Ikaita tena. Lusia alitoka kwenye foleni, akaichukua mezani.

"Inafunguliwa wapi?"

"Weka spika," alisema Zipora, akaibonyeza yeye.

"We Asteria, una kichaa?" Sauti ya Eustace ilijaa ghala. "Naona namba inapanda huku! Nilikwambia wasizidi mia tatu! Hao wengine si warudi hukohuko walikotoka?"

"Walikotoka ni hapa, baba," alisema Lusia.

"Nani huyo?"

"Mama yake. Jana ulisema mimi ni mama yako pia. Endelea, tunakusikiliza wote."

Simu ikakatika. Dakika nne baadaye fomu iliganda, kisha kioo kikawa cheupe, na neno la siri la Asteria halikufungua chochote tena. Mbele ya meza walikuwa wamebaki watu thelathini na wawili. Wa mwisho alikuwa Lusia.

Hakuna aliyelia. Watu walisimama tu, vitambulisho mkononi, wakimtazama binti aliyekuwa ameinamia mashine iliyokufa.

"Hawa thelathini ndio watakaolala nje, basi," alisema mtu mmoja.

Magesa alivuta droo. Alitoa kaunta buku jipya, kidau cha wino na muhuri wa kijiji, akavipanga mezani.

"Muhuri ni wa kijiji," alisema, kama aliyeulizwa. "Si wa Eustace." Kisha akapunguza sauti: "Na mama mkwe wangu yuko pale, wa tano kutoka mwisho. Nikirudi bila jina lake nitalala wapi?"

Kicheko kikapita kwenye foleni, kidogo na kikavu. Wakaandikwa kwa kalamu, mmoja mmoja: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina kama lilivyo kwenye rejesta, neno la mwenyewe, dole gumba, muhuri. Wengine walikuwa na maneno marefu, na Asteria aliyaandika yote. Kama karatasi zile zingetambuliwa na yeyote, hakuna aliyejua. Jua lilikuwa linazama Lusia alipofika mezani. Alibonyeza dole lake la bluu chini ya majina yote, akalifuta kwenye kanga.

"Hili linapelekwa wapi?"

"Wilayani, mama. Kwa mkuu wa wilaya. Na akikataa, mahakamani."

"Atalipokea?"

"Sijui."

Lusia alilifunga kaunta buku, akalipima uzito mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aichane karatasi yake kumtazama binti yake machoni.

"Na wewe sasa huna kazi."

"Sina."

"Basi kesho una nafasi," alisema, akamkabidhi. "Utalibeba wewe."